Paiki wa Mwisho wa Mzee

Mimi ni mtu wa bahari, na huko London nililitangaza hilo hata kwa wasioniuliza. Nilizaliwa pwani ya kusini ya Kenya, nikavua kwa mshipi wa mkono mpaka nilipooa nesi, naye akapata kazi Uingereza akanivuta. Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, watu wangu wote walikuwa wameshachoka na habari zangu za chewa na nguru. Mke wangu akiona nimeanza tu, hunyanyuka akaenda kuanika nguo. Kwa hiyo mzee mmoja wa Kiingereza aliponiuliza kama najua kuvua, nilicheka kabisa. Nikamwambia nilianza kuvua kabla ya kujua kuhesabu. Laiti ningefunga mdomo.

Kazi yangu ilikuwa kea, kama wengi wetu: kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaogesha wazee, kuwavisha, kuwalisha, kisha kuwahi basi la kwenda kwa mwingine. Mzee huyu aliishi peke yake Thamesmead, ghorofa ya kwanza, na dirisha la sebule yake lilitazama ziwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala tu mapajani, na maneno yalikuwa yakimtoka mawili matatu, yamekatika, hivyo kila alichosema kilisikika kama amri. Kitanda chake kilishahamishiwa sebuleni ili awe karibu na dirisha.

Mwanzoni hakunitaka. Nikileta taulo alikuwa akikaza taya na kutazama ukutani, na siku nyingine aliusukuma mkono wangu kwa mkono wake mzima. Nilikuwa nikimwita Mzee, kama ningemwita mtu wa umri wake yeyote kwetu. Akaniuliza neno hilo maana yake nini. Nikamwambia ni mtu wa kuheshimiwa. Ile habari ya uzee nikaimeza.

Kilichotupatanisha ni fimbo zake za kuvulia. Zilisimama nyuma ya mlango wa bafu, tatu, zimefungwa kwa kitambaa, na mimi siwezi kupita penye vyombo vya uvuvi bila kugusa. Aliponisikia nikizungusha kile kigurudumu cha uzi, aliniita. Akanielekeza kwenye kabati, nitoe bahasha ya picha. Humo alikuwa yeye, kijana, kisha mtu mzima, kisha mwenye mvi, na kila picha ameshika samaki mrefu wa kijani mwenye mdomo bapa wa bata na macho ya kukaripia. Waingereza humwita paiki. Ni samaki wa maji baridi, lakini kwa meno na ukali ni ndugu yake mzia wa kwetu.

"Mlimpikaje?" nikamwuliza.

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza alivyompika binti yake.

"Anarudi," alisema. "Wote. Wamerudi wote."

Miaka hamsini alikuwa amevua paiki, na hajawahi kuua hata mmoja. Anamtoa, anampima kwa macho, anampiga picha, anamrudisha majini yu hai. Nikiri kwamba nilimwona mwehu. Lakini nilimwona pia anavyobadilika uso akilieleza jambo hilo, na tangu siku ile aliniachia nimwogeshe, mradi nizungumze samaki.

Kisha binti yake, aliyeishi mji mwingine mbali na London, akaamua kuwa baba hawezi tena kukaa peke yake. Alimtafutia nafasi katika nyumba ya wazee karibu naye. Gari lingekuja Jumatano. Mzee hakubisha. Lakini Ijumaa nilipomfunga vifungo vya shati akanishika kola.

"Jumapili," akasema. "Wewe mikono. Mimi kichwa."

Nilielewa. Nikamwambia Jumapili ni siku yangu ya mapumziko, nitakuja kama rafiki, si kama mtu wa kazi.

"Mmoja," akasema, na kidole chake kikanigonga kifuani. "Wa mwisho. Arudi."

"Atarudi, Mzee. Naapa."

Niliapa kirahisi hivyo, mimi ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumrudisha samaki hata wa kidole kimoja.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mikono kiunoni.

"Sasa mwaenda kumtoa, mumtazame, halafu mumtie tena majini?"

"Ndiyo."

"Na baridi hii?"

"Ndiyo, mke wangu."

"Wallahi mna nafasi nyie. Na ofisi yajua?"

"Sunday ni off yangu."

"Off ni yako, lakini mzee ni client wao. Akianguka je? Wajua watakalokwambia?"

Nikamwambia binti wa mzee amekubali kwa simu, saa mbili tu, na blanketi mbili. Sikumwambia kuwa nilikuwa nimeshachukua mchi wake mdogo wa kutwangia thomu na kuutia mfuko wa koti. Kwetu hakuna aendaye kuvua bila rungu. Mzia ukimwingiza chomboni akiwa na fahamu zake, atachagua mguu wa kuanzia. Kwa hiyo hupigwa cha kichwa kabla ya salamu. Mimi niliwaza hivi: huyu paiki nitampiga kidogo tu, azimie, nitoe ndoana kwa raha, kisha nimrudishe, mambo yaishe. Niliona nimefikiria sana.

Jumapili ilikuwa ya mawingu mazito, adhuhuri lakini mwanga haba. Nilimteremsha Mzee kwa lifti, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mahali penye sakafu ya saruji ukingoni mwa ziwa, karibu chini ya dirisha lake mwenyewe. Nikafunga breki, nikazikagua mara mbili. Nilimvika kofia, blanketi, na glavu yake nzito ya kuvulia nikaivisha mkono uliopooza usije ukaganda. Alinitazama nikifanya hivyo akataka kusema kitu, kisha akaacha.

Chambo kilikuwa kibua. Kibua mzima, samaki wa bahari, wa kuchoma na ndimu, tunampa samaki asiyeliwa! Ilinikera mpaka nikacheka. Alinielekeza kwa mkono wa kushoto nitie ndoana wapi: ndoana mbili, kila moja yenye pembe tatu, mbele yake waya kwa sababu ya meno. Nilirusha mara ya kwanza, ndoana ikanasa begani mwangu. Mara ya pili ikaanguka palepale miguuni. Mzee alifumba macho. Ya tatu ilifika, na boya jekundu likasimama wima kando ya matete. Nikailaza fimbo kwenye vikingi vyake viwili vya chuma, nikachuchumaa kando.

Tulikaa. Saa nzima ikapita na vidole vyangu sikuvihisi tena. Mzee hakuondoa macho kwenye boya hata mara moja. Kila nilipotaka kuongea aliinua kidole. Nilianza kuhesabu dakika zilizobaki katika zile saa mbili za binti yake, na moyoni niliomba tusipate kitu. Sikujua kwa nini naomba hivyo. Nadhani nilianza kuogopa kiapo changu.

Boya likatikisika. Likazama nusu, likaibuka, likaanza kutembea kando taratibu, kana kwamba mtu analivuta kwa kamba.

"Hit him!" Mzee akapaza sauti.

Kiingereza changu si kibaya. Neno hilo ni piga: mpige. Nikautoa mchi mfukoni.

"Bado, Mzee, hajafika!"

"Hit him!"

"Nitampiga! Ngoja aje!"

Na wakati huohuo mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaushika uzi mbele ya fimbo, kwa vidole, vilevile nilivyofunzwa. Niliuhisi uhai upande wa pili. Mdukuo, kimya, mdukuo. Kwetu ukimsikia chewa anagusa, humvuti. Unamwachia uzi, unamwacha ale, ameze, chambo kishuke tumboni, ndipo unamvuta, na hapo hachomoki tena. Mwenye pupa hurudi nyumbani na chambo kilichotafunwa. Basi nikamwachia uzi. Nikamwachia tena. Huku mchi uko juu mkono wa kulia, namsubiri atokeze kichwa.

Mzee akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, haikuwa neno. Nikageuka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukiruka juu, juu, juu, kama mtu anayenyakua kitu kutoka ardhini. Uso umemwiva. Akautazama mchi, akanitazama mimi, akafanya tena: mkono chini, mkono juu.

Hapo ndipo nilipofahamu. Kwa wavuvi wa kwao, kumpiga samaki ni kuivuta fimbo. Ni kumvuta mara tu anapogusa, chambo kikiwa bado midomoni, ili ndoana ishike pembeni mwa mdomo na samaki arudi salama. Mimi nilikuwa nimesimama na mchi wa thomu, namlisha ndoana.

Niliutupa mchi, nikaikamata fimbo, nikavuta. Fimbo ikapinda mpaka nikadhani imekatika. Samaki alikwenda mbio mara tatu, na kila mara uzi ulilia kwenye kigurudumu na Mzee alisema, "Mwache... mwache... sasa." Nilimtii kama mtoto. Sikuwa na ubishi tena. Mwishowe akaja juu karibu na saruji, mrefu kuliko mkono wangu, nikamwingiza kwenye wavu nikiwa nimepiga magoti, nikamlaza juu ya taulo lililolowa, mbele ya miguu ya Mzee.

Nilitazama ndani ya mdomo wake. Ndoana hazikuonekana. Ulionekana waya tu, umepita katikati ya meno na kutokomea kooni.

Mzee naye aliuona. Rangi ilimtoka usoni. Hakunitukana, ningefurahi kama angenitukana.

"Matamvua," alisema. "Mkono. Chini ya shavu."

Alitaka nipitishe vidole vya mkono wa kushoto chini ya kifuniko cha shavu la samaki, nimshike taya, nimfungue mdomo, na kwa mkono wa kulia niingize koleo yake ndefu ya kutolea ndoana mpaka kooni. Nilikuwa ninamwogopa samaki yule. Pwani nilimjua mtu aliyepoteza ncha ya kidole kwa mzia aliyedhaniwa amekufa, na huyu hakuwa amekufa. Glavu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo nilikuwa nimeivisha mkono usioweza kushika kitu. Ningeweza kumvua Mzee glavu hiyo, lakini muda ulikuwa ukienda, na samaki alikuwa akifumbua na kufumba mdomo hewani.

Nikaingiza vidole. "Usiguse nyekundu," Mzee akasema. Nikatafuta njia kando ya zile nyekundu. Mdomo ukafunguka, mpana, umejaa meno hata kwenye paa lake. Nikaingiza koleo.

"Juu. Geuza. Polepole. Polepole!"

Ndoana ya kwanza iliachia. Samaki akajirusha, na meno yakanipitia kifundo cha mkono, nikaona damu na sikujua ni ya nani. "Maji!" Mzee akasema. Nikamshusha majini ndani ya wavu apumue, nikahesabu pumzi zake, nikamtoa tena. Ndoana ya pili ilikuwa chini zaidi. Niliiona kupitia pengo la matamvua, imejishika mahali ambapo hakuna kitu kinachopaswa kujishika.

"Siwezi, Mzee."

"Unaweza. Mikono yangu, wewe."

Nilishika, nikageuza, nikasikia kitu kidogo kikichanika, na ndoana ikaja. Damu ikafuata, nyeusi kidogo. Niliifuta ile damu kwa ncha ya taulo haraka na nikamkinga Mzee kwa mgongo wangu asione ni nyingi kiasi gani. Kisha nikalala kifudifudi juu ya saruji, nikamshika samaki mkia kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine, majini, kama nilivyoelekezwa. Alilala ubavu. Nilimsimamisha, akalala tena. Nilimsimamisha. Maji ya ziwa lile yalikuwa yakiuma kuliko meno yake. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilimsikia Mzee nyuma yangu akihema pamoja na samaki, na mimi nilikuwa nikisoma kila dua niliyoikumbuka, kwa ajili ya samaki ambaye hata kitoweo hakuwa.

Mkia ukasukuma kiganja changu. Mara moja, kisha tena kwa nguvu. Nikaachia. Akaenda.

Mzee alilia. Upande mmoja tu wa uso wake uliweza kutabasamu, na huo ulitabasamu. Akaninyoshea mkono wa kushoto, akanishika kiganja kilichojaa damu na utelezi, hakukiachia.

"Mikono mizuri," akasema.

Lakini mimi nilimwona samaki alivyokwenda, na yeye kutoka kwenye kiti hakuweza kuona. Alikwenda upande, kichwa chini. Samaki anayekwenda hivyo nimemwona mara nyingi sana, nami najua ni wa namna gani. Nikajiambia huenda wa maji baridi ni tofauti. Jioni ile Mzee alimaliza sahani nzima na kuniomba nimweleze tena, tangu boya lilipotikisika, na nikamweleza, na mahali pa mchi alicheka mpaka akakohoa.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu asubuhi. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mzee alikuwa macho, ametulia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Pazia."

Nililifungua kwa upana wa uso wangu tu, na hapo mkono ukasimama.

Chini yetu kabisa, kwenye matete, palikuwa na kitu cheupe. Tumbo. Shakwe mmoja amesimama juu yake, anadonoa.

Nilihisi haya kuliko hofu. Nikalifunga pazia.

"Mzee, maziwa yamekwisha," nikasema. "Nashuka dukani mara moja, narudi."

"Pazia," akasema.

"Narudi sasa hivi."

Nilishuka ngazi mbilimbili. Nilimfukuza shakwe kwa kelele, nikaingia majini na viatu vyangu mpaka magotini, nikamshika. Alikuwa ameshakakamaa, na jicho moja halikuwepo. Nilimtia kwenye ule mfuko mweusi wa taka tunaotembea nao kazini, nikamficha kwenye kichaka nyuma ya jengo, nirudi nimzike baada ya zamu. Kumtupa jalalani sikuweza. Nikaukagua ukingo wote wa ziwa, nikaokota hata magamba. Kisha nikapanda juu mbio, kwa sababu nilikuwa nimemwacha peke yake gizani, naye hawezi kuinuka.

Nilipoingia, alinitazama. Suruali yangu ilikuwa ikichuruzika kwenye zulia lake. Mikono ya koti ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Na mikononi sikuwa na maziwa.

"Duka limefungwa," nikasema.

Nikaenda nikafungua pazia, lote, mpaka mwisho wa reli yake. Ziwa lilikuwa tupu na safi. Mzee alilitazama kwa muda mrefu, akapita matete yote kwa macho, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kisha akarudisha macho kwenye mikono ya koti langu. Nilisubiri aniulize. Nilijua akiniuliza nitasema kweli, na nilijua kweli hiyo ndiyo atakayoondoka nayo Jumatano.

Akaninyoshea mkono wa kushoto. Nikausogelea. Alilishika koti langu kwenye kiwiko, akalikamua, na maji yakadondoka kwenye blanketi lake. Alikamua tena. Kisha akaniachia.

"Chai," akasema. "Bila maziwa, basi."

Muda wote niliomtunza sikuwahi kumwona akinywa chai isiyo na maziwa, ilikuwa ikimchefua. Niliingia jikoni nikamchemshia chai kavu, nikamletea, nikamshikia kikombe. Akainywa yote, uso umemkunjamana, macho yako ziwani, na nyuma yetu friji ikinguruma na chupa nzima ya maziwa ndani.